Vidole Viwili

Mlangoni walimfunga utepe wa bluu mkononi,
akaunusa, akauramba, akaniuliza kama unalika.
Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi.
Bado tulikuwa tunapendana.

Saa sita jua la Kunduchi limesimama utosini,
Chesko kalala kifudifudi kwenye saruji yenye maji,
ndala moja mguuni, nyingine inaelea bwawani,
na sauti yake inapanda ngazi zote
za lile bomba la kutelezea
ambalo yeye hakuruhusiwa kulipanda.

Kosa ni la twiga.
Twiga wa mbao, kapakwa njano,
anasimama pale foleni inapoanzia,
shingoni kachorwa mstari: asiyefika hapa, asipite.
Sikitu, miaka minane, kafika na kuzidi.
Chesko kapungua vidole viwili.
Kijana wa filimbi alivipima mwenyewe, kwa upole,
na Chesko akaving'ata.

Nimemwomba radhi kijana. Nimeiomba radhi foleni.
Nimehesabu moja, nimehesabu mbili,
ile tatu nikaibakiza mdomoni,
maana sikujua ikitoka itafanya nini.
Nimeahidi aisikrimu. Nimeifuta aisikrimu.
Nimemtaja baba yake aliyebaki Kilosa.
Nimemtaja polisi, Mungu anisamehe,
naye polisi wa watu yuko getini anamenya chungwa,
hana habari.

Mama mmoja chini ya mwavuli
anasema bila kunitazama:
"Samaki mkunje angali mbichi."
Wa pembeni yake anaitikia, ndiyo hasa.
Methali hiyo naijua kwa mgongo.
Nilifundishwa kwa ufito wa mpera,
kwa mwiko, kwa kandambili,
kwa ule mfinyo wa kanisani unaozungushwa kama ufunguo
huku uso wa mama ukiendelea kuimba.

Mkono umeinuka. Siwezi kumsingizia mtu, ni wangu,
bado unanukia mafuta ya nazi niliyompaka asubuhi.
Na Chesko, palepale chini,
kafumba jicho moja.
Moja tu. La pili kaliacha wazi
aone kitatokea wapi.

Jicho hilo nalifahamu. Nilikuwa nalo.

Nikakaa. Majini, na kitenge
alichoniazima dada Pelagia kule Tabata
kwa sharti moja: usikiloweshe.
Watu wakaturuka kama wanaruka mfereji.
Sikusema neno la busara, sikuwa nalo.
Nilisema, "Vidole viwili vinauma."
Akalia upya, lakini kilio kingine,
kile chenye machozi ndani.

Kitenge kikashiba maji.
Kisha akauliza, kamasi mdomoni:
"Twiga anakula watoto?"
"Hapana, anakula majani."
"Sasa kwa nini hataki nipite?"
Nikamwambia maji ya bomba lile yanasukuma,
na mimi sina mtoto mwingine nikimpoteza yeye.
Akafikiri.
"Unaye Sikitu."

Kijana wa filimbi tulimwendea, mkono kwa mkono.
Chesko aliliambia goti lake: samahani.
Na aisikrimu niliyoifuta ikabaki imefutwa.
Akalia tena, kidogo,
kama mtu anayelipa deni
huku akiisikitikia noti.

Usiku, Tabata, simu kutoka Kilosa:
"Wamefurahi?"
"Wamefurahi."
Kitenge kinachuruzika kwenye kamba,
Pelagia kaninunia mpaka kwenye wali.
Nyuma yangu Chesko kaegemea ukuta wa jikoni,
kisogo kakibana, shingo kaivuta,
Sikitu kashika kipande cha mkaa, tayari kuchora.

"Visigino chini," nikasema.

Akashusha.
Kimoja.